Plastiki Nyeusi za Gari la Zamani: Safisha Kwanza, Dawa Baadaye

Gari la miaka 20 linaweza kuwaka kwa mguso mmoja, bodi yake ikawa bado inang'aa na viti havijachanika, lakini ukilitazama kwa mbali ukaliona limechoka. Mara nyingi kinacholizeesha ni zile plastiki ambazo hazikupakwa rangi kiwandani: bampa, vipande vinavyozunguka matairi kwenye fenda, mikanda ya pembeni ya milango, kava lililo chini ya waipa, ganda la saiti mira, miguu ya keria. Zilitoka kiwandani zikiwa nyeusi tii au kijivu kilichokoza. Leo zimepauka, zina mabaka, na mvua ikinyesha zinarudisha weusi wake kwa muda mfupi, kisha zinapauka tena.

Barabara zetu, za Dar es Salaam na Nairobi na za mikoani, zimejaa magari ya namna hii: RAV4 za kizazi cha kwanza zilizoanza kuuzwa 1994, Honda CR-V zilizofuata 1995, X-Trail za mwanzo, Probox zenye bampa nyeusi, Hiace za biashara. Na karibu yote humaliziwa vilevile yakipelekwa kuoshwa. Kijana anapuliza kitu cha kung'arisha juu ya vumbi lililobaki kwenye mikunjo, plastiki inawaka weusi, mwenye gari anafurahi na kulipa. Baada ya siku chache vumbi limeganda juu ya yale mafuta, mvua moja imechora michirizi kwenye milango, na plastiki imepauka kuliko mwanzo. Vijana hao ni watu wa kazi, wanatoa kile mteja anachotaka kukiona saa ileile. Mabadiliko lazima yaanze kwa mwenye gari.

Ninachotaka kukushawishi ni hiki: weusi haupotei kwa sababu plastiki imekosa mafuta, na hauwezi kurudishwa kwa kulimbikiza mafuta. Kazi kubwa, karibu yote, ni kusafisha. Ukisafisha hadi mwisho, dawa kidogo tu itakutosha na itakaa. Usiposafisha, hakuna dawa ya bei yoyote itakayokusaidia.

Tuanze na kinachotokea. Bampa nyingi na vipande vya fenda ni polipropilini iliyochanganywa na mpira ili isipasuke ikigongwa. Weusi wake unatokana na masizi maalumu ya kiwandani, na masizi hayo hayakuwekwa kwa urembo tu. Yanameza mionzi ya jua isipenye ndani. Lala chini ya bampa na tochi ya simu, utaona maandishi madogo yaliyochongwa upande wa nyuma, kwa mfano PP+EPDM-T20. PP ni polipropilini, EPDM ni mpira, na T20 maana yake humo ndani mna asilimia 20 ya talki, madini yaleyale yanayosagwa kutengeneza poda ya mtoto. Miaka ikipita, mionzi ya urujuanimno ikisaidiana na oksijeni ya hewani hukata minyororo mirefu ya plastiki kwenye tabaka la juu kabisa. Tabaka hilo hukauka, hupata nyufa ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na ile talki hubaki wazi juu. Nyufa hutawanya mwanga, jicho likaona weupe. Ni kama kioo kilichosuguliwa kwa msasa: kikiwa kikavu kina ukungu, ukikimwagia maji unaona hadi upande wa pili.

Jambo la kutia moyo ni kwamba ugonjwa huu ni wa juu juu. Chini ya tabaka hilo jembamba, plastiki bado ni nyeusi kama siku ilipotoka kiwandani. Ukiwahi kuikwaruza kwenye ukuta umeuona huo weusi wa ndani.

Watu wa Mbeya, Iringa au Nairobi hudhani baridi yao inawalinda. Haiwalindi. Mionzi inayoharibu plastiki haiendi na joto unalolisikia mwilini. Huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Gari la Nairobi, lililo juu ya mita 1,600, lina jua kali kwenye plastiki hata mwezi wa saba watu wanapovaa makoti. Pwani shida yake ni nyingine: chumvi na unyevu hukaa kwenye mikunjo na kuacha utando mweupe ambao wengi huuchanganya na kupauka, kumbe maji na sabuni vingeuondoa.

Kabla ya kununua chochote, fanya kipimo cha maji. Osha sehemu ndogo ya bampa, iache ikauke, kisha ipitishe kitambaa kilicholowa. Itazame ikiwa bado mbichi. Ikiwa imekuwa nyeusi sawasawa, bila mabaka, basi plastiki yako iko hai: nyufa ni ndogo, na chochote kitakachozijaza kama maji yalivyozijaza kitarudisha weusi. Ikiwa imekoza lakini mabaka meupe bado yanaonekana, kuna uchafu wa zamani, mara nyingi waksi iliyokauka au mabaki ya dawa za kung'arisha. Na ikiwa hata ikilowa inabaki ya kijivu, tena ukiipitisha kidole ikiwa kavu kinatoka na unga, tabaka la juu limekufa. Hiyo itahitaji dawa yenye rangi ndani yake au kupakwa rangi kabisa. Fanya kipimo hiki kipande kwa kipande. Kava la chini ya waipa na sehemu ya juu ya bampa la nyuma, ambazo jua la mchana huzipiga wima, karibu kila mara huwa zimeharibika zaidi ya pembeni. Kama umezoea kuegesha gari likielekea upande mmoja siku zote, utakuta ubavu mmoja umepauka na mwingine una nafuu.

Ujue pia rangi ya asili. Si kila plastiki ilikuwa nyeusi. RAV4 na CR-V nyingi za miaka ya 1990 zilitoka na plastiki ya kijivu kilichokoza, na mtu akizipaka dawa nyeusi gari hubadilika sura, hasa akipaka bampa na kuacha mikanda ya milango. Tafuta sehemu ambayo jua halikuifikia: ndani ya ukingo wa fenda, nyuma ya kibao cha namba, au chini ya mpira wa mlango. Hiyo ndiyo rangi unayoitafuta.

Sasa kazi yenyewe. Chagua kivuli, na muda ambao plastiki imepoa mkononi: asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi. Plastiki nyeusi iliyoachwa juani hupata joto kiasi kwamba sabuni hukauka kabla hujaisugua, ikaacha alama mpya juu ya zile za zamani. Osha gari zima kwanza ili usije ukahamisha mchanga wa bodi kuupeleka kwenye plastiki, au wa plastiki kuupeleka kwenye rangi.

Kisha ingia kwenye plastiki peke yake. Unahitaji sabuni ya kukata mafuta, ile inayouzwa maduka ya vipuri kwa ajili ya kuoshea injini au matumizi ya jumla, ukaichanganya na maji kama kibandiko chake kinavyoelekeza. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo itafanya kazi pia, ila polepole zaidi. Unahitaji brashi yenye nyuzi ngumu kiasi, si ya waya, na mswaki wa zamani kwa ajili ya kona. Plastiki hizi zina vipele vidogo vilivyochongwa makusudi, na uchafu umekaa kwenye mabonde kati ya vipele hivyo, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Kitambaa kinapita juu ya vilima tu. Brashi ndiyo inayoshuka bondeni, kwa hiyo sugua kwa mizunguko, kisha kwa mistari ya kushuka, kisha ya kukata.

Tazama povu, litakusimulia kila kitu. Povu la kwanza hutoka na rangi ya udongo. Hilo ni vumbi. La pili huwa na rangi ya manjano chafu au kahawia na linateleza kati ya vidole. Hayo ni mafuta ya kung'arisha yaliyolimbikizwa kwa miaka. Likitoka jeusi kama wino, kuna mtu alishapaka dawa ya viatu au rangi fulani. Suuza, rudia. Gari lililokuwa linapulizwa kila Jumamosi halitakubali kwa mara moja. Endelea hadi povu libaki jeupe, na maji yakimwagwa juu ya plastiki yatandae na kuilowesha. Yakiendelea kujikunja vitone na kukimbia, bado kuna silikoni humo. Mwisho kabisa, lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti, ile ya kawaida ya dukani, ufute plastiki. Kitambaa kikitoka cheupe, umemaliza. Kikitoka na rangi ya chai, rudi kwenye brashi.

Hapo utaona plastiki imekuwa mbaya kuliko ulipoanza: kavu, ya kijivu, yenye sura ya kusikitisha. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Umeondoa kila kilichokuwa kinakudanganya, na sasa unaiona plastiki yenyewe. Wengi huingiwa na hofu hapa wakakimbilia kupaka wakati maji bado yamejificha kwenye mikunjo na nyuma ya klipu. Vumilia. Iache ikauke saa kadhaa, na kama una nafasi ya kuliweka gari ndani, iache usiku mzima. Dawa nyingi zinazobanduka au kuacha mabaka zilipakwa juu ya unyevu.

Alama nyeupe za waksi zinastahili maneno yake. Hutokea pale mtu anapopiga polishi bodi bila kuziba plastiki. Waksi huingia kwenye vipele na kukauka humo. Sabuni peke yake mara nyingi haizitoi. Jaribu kifutio cheupe cha penseli, kile laini cha wanafunzi. Sugua alama hiyo taratibu, mabaki ya kifutio yataivuta waksi na kutoka nayo, kisha piga mswaki na suuza. Zile sponji nyeupe za kufutia kuta nazo husaidia, ila zina ukali wa msasa laini kabisa, kwa hiyo zisiguse rangi ya bodi wala plastiki inayong'aa. Na siku nyingine ukipiga polishi, zungushia plastiki masking tepu kwanza.

Baada ya usafi ndipo uchague dawa, na hapa maduka yamejaa chupa zinazofanana maneno. Zigawe kwa kile zinachofanya. Kundi la kwanza ni mafuta ya silikoni ya kupaka au kupuliza. Hujaza zile nyufa bila kukauka, kwa hiyo hung'aa haraka na kuondoka haraka. Msimu wa masika hayamalizi wiki mbili. Yale ya maji, yenye sura ya maziwa, hayana mafuta mengi juu na hayakusanyi vumbi kama yale mazito yanayoteleza. Mothers Back-to-Black na Meguiar's Ultimate Black ni majina yanayojulikana duniani katika dawa za namna ya kupaka na kurudia. Kundi la pili ni dawa zenye rangi nyeusi ndani, kama Solution Finish, ambazo huingiza weusi mpya kwenye tabaka lililokufa. Hizi ndizo za plastiki iliyobaki ya kijivu hata ilipolowa. Kundi la tatu hugeuka kuwa utando mgumu, mara nyingi huuzwa kwa jina la seramiki. Cerakote, kwa mfano, huuza vitambaa vilivyokwisha kuloweshwa. Hudumu miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, lakini huhitaji usafi kamili, na ukikosea kupaka, alama ya kosa itadumu miezi hiyohiyo.

Kama chupa haina jina linaloeleweka na muuzaji hajui kilichomo, dondosha tone moja kwenye kipande cha kioo na uliache hadi kesho yake. Likibaki limelowa na linateleza, ni mafuta tu. Yanunue kwa bei ya mafuta. Likiganda likawa utando unaohitaji kukwanguliwa kwa ukucha, hiyo ni dawa ya kukaa. Likiacha weusi unaoonekana ukiweka kioo juu ya kitu cheupe, ina rangi ndani.

Binafsi, kwa gari linalolala nje na kutembea barabara ya vumbi, napendelea dawa inayoganda kuliko inayobaki na mafuta. Vumbi la changarawe halina mahali pa kushika, na ukiosha unaosha kweli. Kwa gari linalolala ndani na mwenyewe anapenda kulishughulikia kila wiki, mafuta ya maji yanatosha na ni nafuu.

Namna ya kupaka ni ileile kwa karibu zote. Zungushia masking tepu kwenye mpaka wa rangi. Vaa glavu. Weka dawa kwenye sponji, usiimwage kwenye plastiki, na upake nyembamba kuliko unavyodhani inafaa. Fanya kipande kimoja hadi mwisho wake kabla ya kuhamia kingine, kwa sababu ukiacha katikati ya bampa utaona mstari ulipoishia. Subiri dakika chache, futa kilichobaki juu kwa kitambaa kikavu cha mikrofaiba, halafu tazama kwa pembeni, mwanga ukipita juu ya plastiki, uone kama kuna sehemu imekunywa zaidi. Hizo zirudie. Kisha gari lisiguse maji kwa siku nzima. Kwenye kava la waipa usipulize kamwe. Dawa itatua kwenye kioo, na mvua ya usiku ikikukuta barabarani waipa zitachora ukungu wa mafuta mbele ya macho yako. Vikanyagio vya pembeni navyo viache bila kitu chochote cha kuteleza. Mama mwenye mtoto mgongoni atakanyaga hapo akishuka. Na ukipaka vipande vya fenda, angalia dawa isirukie diski za breki.

Kuna vitu vinavyopakwa sana kwetu ambavyo naomba uviache. Cha kwanza ni oili chafu, au dizeli, au mafuta ya taa. Vinang'arisha, sikatai. Lakini ule mpira wa EPDM unaozunguka milango na madirisha haupatani na mafuta ya petroli; huvimba, hulegea, na baada ya muda maji ya mvua yanaingia ndani ya gari. Oili iliyokwisha kutumika ina pia kemikali zinazoweza kusababisha saratani, na kijana anayeipaka kwa mikono mitupu gari baada ya gari ndiye anayeibeba hatari hiyo. Dawa ya viatu hutoa weusi mzuri unaochuruzika kwenye mlango mweupe mvua ya kwanza, na kuchafua suruali ya kila anayeegemea. Mafuta ya nazi na ya kupikia huchacha, yakanata, yakakusanya vumbi na wadudu.

Mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, yale ya maseremala, ni jambo jingine. Hayo hukauka kweli kwa kuungana na oksijeni, na yakipakwa membamba juu ya plastiki safi hukaa vizuri. Ila sikiliza kwa makini: kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo huzalisha joto chenyewe na kinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Kitandaze nje mahali pa wazi kikauke, au kiloweshe maji kabla ya kukitupa.

Swali ninaloulizwa mara nyingi linahusu moto. Mtu ameona video ya fundi akipitisha mashine ya hewa ya moto, ile wanayotumia mafundi wa tinti, na bampa la kijivu likigeuka jeusi mbele ya macho. Haidanganyi; joto huyeyusha lile tabaka la juu, nyufa zikajifunga. Lakini hujaongeza kinga yoyote. Jua litaanza upya kula tabaka lililochoka, na weusi huo huondoka baada ya miezi. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, na mashine hizo hutoa hewa ya nyuzi 500 na zaidi. Ukisimama mahali pamoja kwa sekunde chache vipele vinalala, sehemu hiyo inang'aa peke yake, na hakuna atakayevirudisha. Karibu na kioo, taa na rangi hatari ni kubwa zaidi. Tochi ya gesi ni mbaya kupita kiasi, hasa kwenye fenda ya nyuma ulipo mdomo wa tangi la mafuta. Kama lazima utumie joto, litumie kwenye bampa lililokwisha kufunguliwa garini, mkono ukitembea muda wote, na upake dawa ya kukinga likishapoa.

Kupaka rangi ni kwa plastiki iliyochubuka vibaya au iliyokufa kabisa. Tatizo la polipropilini ni kwamba karibu hakuna kinachoishika. Rangi ya kawaida itabanduka vipande vipande ukiipiga maji ya presha. Fundi rangi anayeijua kazi atasugua kwa msasa namba 320 hadi 400, atasafisha kwa dawa ya kuondoa mafuta, kisha atapiga praima ya plastiki iliyotengenezwa kushika polipropilini kabla ya rangi nyeusi isiyong'aa. Muulize praima ipi atatumia. Akisema anapiga rangi moja kwa moja, tafuta mwingine. Mwambie pia ukweli kama gari limepulizwa silikoni kwa miaka. Chembe chache tu zikibaki, rangi itajikunja na kuacha vishimo vidogo vya mviringo, na atalazimika kuikwangua yote. Ukumbuke kwamba ganda la saiti mira na grili mara nyingi si polipropilini bali ABS, na ABS huyeyuka ikiguswa na asetoni na thina nyingi. Soma yale maandishi ya nyuma kwanza.

Usifungue vipande ovyo. Klipu za gari la miaka 20 zimekauka kama plastiki yenyewe, na kava la waipa hukatika ndimi zake ukilivuta kwa haraka. Kama lazima kufungua, limwagie maji ya moto, si yanayochemka, lilainike, na uwe umenunua klipu mpya kabla. Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, klipu huuzwa kwa mafungu.

Dawa ikishakaa vizuri, matunzo ni machache. Unapopeleka gari kuoshwa, sema mapema: plastiki zioshwe kwa brashi na sabuni, zisipulizwe kitu. Ukiegesha chini ya mti, mwarobaini hutoa kivuli kizuri. Mwembe wakati wa matunda huleta utomvu na ndege. Turubai juu ya gari lenye vumbi husugua kila upepo ukivuma, bora kulibadilishia gari uelekeo wa kuegesha ili jua la alasiri lisile upande mmoja. Rudia kipimo cha maji kila baada ya miezi michache. Maji yakianza tena kuibadilisha rangi ya plastiki waziwazi, wakati wa kupaka umefika, si kabla.

Na kama unanunua gari la mkononi, plastiki zitakueleza mengi kabla dalali hajafungua mdomo. Zitazame zikiwa kavu na zisizopulizwa. Ukikuta zimeng'arishwa, zifute kwa tishu uone inavyotoka. Kisha linganisha. Jua hupausha gari zima kwa pamoja, juu kuliko chini, upande mmoja kuliko mwingine pengine, lakini kwa mpangilio. Ukiona kipande cha fenda ya mbele kushoto ni cheusi na vingine vyote vimepauka, kipande hicho ni kipya kuliko gari, na kuna sababu kilibadilishwa. Chungulia nyuma yake, tazama kama chuma kimenyooshwa, kama boliti za fenda zimewahi kufunguliwa, na kama rangi ya ndani ya boneti inafanana na ya nje. Muulize mwenye gari, kisha umpe fundi wako wa bodi alitazame kabla hujataja bei.